Mkaguzi wa hesabu alipita, sasa makuta yetu iko wapi?

Swali hilo hapo juu si langu, ni lenu. Linarudi kila wiki kwenye simu yetu, kutoka Beni mjini, kutoka Oicha, na zaidi kutoka kwa jamaa zilizokimbia vita na kuacha akiba zao kule zilikotoka. Kila mmoja analiuliza kwa maneno yake, lakini maana ni moja: kama wakaguzi walikuja, wakafungua vitabu na kusema hesabu ni sawa, inawezekanaje miezi michache baadaye kampuni ianguke, au kooperative ya akiba ifunge madirisha, na watu wasione pesa zao?

Mama mmoja aliyekimbia kutoka tarafa ya Lubero aliniambia hivi: “Papa, ile karatasi walibandika ku ukuta ilikuwa na kashe ya mukaguzi. Mutoto alinisomea, akasema mambo yote iko muzuri. Njo maana nilibakisha makuta yangu pale. Sasa nani alinidanganya?” Pesa hiyo ilikuwa bei ya maharagwe ya misimu miwili. Aliiweka ili binti yake amalize masomo ya sekondari. Jina la kooperative hiyo sitaliandika, kwa sababu mambo yake bado yanachunguzwa.

Wengi wanajibu haraka kwamba mkaguzi alikula rushwa. Hilo linaweza kutokea, na likitokea ni kazi ya sheria. Lakini mara nyingi jambo ni jingine. Mama yule na mkaguzi yule hawakuwa wanazungumza juu ya kitu kimoja. Mama aliona kashe akaelewa kwamba pesa yake iko salama. Mkaguzi alipiga kashe akimaanisha jambo dogo kuliko hilo. Kati ya maana hizo mbili kuna shimo, na akiba za watu zinaangukia humo. Tulitazame shimo hilo, tuone upande gani umechimbwa na sisi wanachama kwa kutouliza, na upande gani umechimbwa na wenye taaluma kwa kutoeleza.

Watu wanasubiri nini

Nimehudhuria mikutano mikuu mingi, mingine kwa kazi ya habari, mingine kama mwanachama mwenye kitabu cha akiba. Saa ya mkaguzi inapita karibu namna moja kila mahali. Prezida anakaribisha, meneja anasoma ripoti ndefu ya mwaka, halafu anaitwa komisere wa hesabu, yaani mkaguzi kutoka nje. Anasimama, anasoma ukurasa mmoja kwa Kifaransa cha kitaalamu, dakika tano hivi, anaketi. Watu wanapiga makofi. Baada ya hapo soda zinagawanywa.

Ukiwauliza watu nje ya ukumbi wamesikia nini, utapata majibu matatu. Wa kwanza atasema: amehakikisha hakuna mwizi. Wa pili atasema: ametazama karatasi zote, moja kwa moja. Wa tatu atasema: nyumba hii haiwezi kuanguka, serikali imeiangalia.

Hayo si mawazo ya watu wajinga. Ni mawazo ya watu waliozoea likirimba, MUSO na AVEC, mahali ambapo kuhesabu pesa ni kuihesabu kweli. Katika AVEC, watu kama 15 hadi 25 wanakaa kwa duara. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo tatu zinashikwa na watu watatu tofauti. Linafunguliwa mbele ya wote, noti zinahesabiwa kwa sauti, na mwisho wa mwaka kila mtu anapata fungu lake. Pale, “hesabu ni sawa” maana yake pesa iko, tumeiona kwa macho. Mtu aliyetoka katika sanduku la namna hiyo akaingia kooperative kubwa, atasikia maneno yale yale ya “hesabu ni sawa” na kuyapa maana ile ile.

Mkaguzi anaahidi nini

Mkaguzi wa kampuni hatoi hata moja ya ahadi zile tatu.

Kwanza, vitabu vya hesabu si vyake. Vinatengenezwa na wakubwa wa kampuni, na wao ndio wenye daraka la kuzuia wizi. Mkaguzi anakuja baadaye kutoa maoni: je, hesabu hizi, kwa ujumla, zinaonyesha sura ya kweli ya kampuni katika tarehe fulani? Anatoa uhakika unaotosha. Hatoi uhakika kamili, na kanuni za kimataifa za kazi yake zinasema hivyo waziwazi.

Pili, hatazami karatasi zote. Kooperative yenye maelfu ya mikopo ingehitaji watu wengi na mwaka mzima. Anachagua sehemu: anachukua mikopo kadhaa na kuichunguza, anaandikia banki kuuliza salio, anahudhuria kuhesabiwa kwa bidhaa katika depo, anatazama zaidi pesa kubwa na mahali penye hatari.

Tatu, ana kipimo cha uzito. Kosa linamshughulisha ikiwa ni kubwa kiasi cha kubadilisha uamuzi wa mtu anayesoma hesabu hizo. Chukua mfano wa kampuni yenye mali ya dola milioni moja. Dola 300 zikikosekana, zinaweza kupita bila kutajwa katika ripoti, kwa sababu hazibadilishi sura ya kampuni. Lakini dola 300 ni mwaka mzima wa jamaa moja. Kipimo cha mkaguzi kinafuata ukubwa wa kampuni. Hakifuati ukubwa wa shida ya mwenye akiba. Jambo hili watu wengi hawajawahi kuelezwa.

Na wizi je? Mkaguzi analazimika kufikiria kwamba unaweza kuwepo na kupanga kazi yake kwa kuutilia maanani. Hana ruhusa ya kufumba macho. Lakini wizi unaofanywa na watu walioelewana ni mgumu kuonekana. Karani, mkuu wa mikopo na meneja wakikubaliana kutengeneza mkopaji ambaye hayupo, wakamwandikia faili, wakatia saini na alama ya kidole, karatasi zote zitakuwepo na zitapatana. Anayetafuta karatasi inayokosekana hatakuta kitu.

Pengo hili kati ya wananchi na wenye taaluma limejadiliwa katika nchi nyingine tangu zamani. Huko Marekani lilipewa jina lake katika miaka ya 1970, na hadi leo halijazibwa. Kwa hiyo tusidhani ni ugonjwa wa Congo peke yake.

IGF ni jambo jingine

Hapa kwetu kuna sababu ya pekee inayoongeza mkanganyo. Tangu mwaka wa 2020, Inspection Générale des Finances, ile tunayoita IGF, ilianza kusikika sana chini ya Jules Alingete. Tulisikia majina ya mawaziri na wakubwa wa mashirika ya serikali, tulisikia mamilioni ya dola, na watu wakaitwa kujieleza. Tangu hapo, mtu akisikia neno “mkaguzi”, anawaza mtu anayefika asubuhi, na jioni meneja yuko ndani.

Lakini IGF inafuatilia pesa ya serikali. Iko chini ya Rais wa Jamhuri, na wakaguzi wake wana mamlaka ya polisi wa mahakama. Komisere wa hesabu wa kampuni au kooperative hana pingu, hana uwezo wa kufunga akaunti ya mtu, na hakutumwa na serikali. Amechaguliwa na wanachama au wenye hisa, na analipwa na pesa ya kampuni.

Tena hata ripoti ya IGF si hukumu. Chukua mradi wa kilimo wa Bukanga-Lonzo. IGF ilitoa ripoti yake mwaka wa 2020. Mahakama ya Katiba ilitoa hukumu yake juu ya aliyekuwa waziri mkuu, Augustin Matata Ponyo, mnamo Mei 2025. Katikati kulikuwa na mabishano ya miaka mingi, hata juu ya mahakama gani ina haki ya kumhukumu. Ikiwa mkaguzi mwenye mamlaka ya serikali anaandika na hukumu inakuja miaka karibu mitano baadaye, tusisubiri karatasi ya komisere wa hesabu irudishe pesa zetu wiki ile ile.

Mbwa wa lango

Wenye taaluma wanapenda kujitetea kwa kesi ya zamani sana. Mwaka wa 1896, huko Uingereza, meneja wa kiwanda cha pamba cha Kingston alikuwa ameongeza kwa uongo thamani ya bidhaa zilizobaki depo, kampuni ionekane na faida. Wakaguzi walikubali karatasi yake bila kwenda kuhakikisha wenyewe. Kampuni ilianguka, wakaguzi wakashitakiwa. Majaji waliwaachilia. Mmoja wao alimfananisha mkaguzi na mbwa anayelinda lango. Hakumwona kama mbwa wa kufuata nyayo za mwizi porini. Akiona kitu cha kutia shaka, lazima abweke. Asipoona, si kazi yake kuanza msako.

Maneno hayo yamewafunika wakaguzi kwa zaidi ya miaka mia moja. Lakini sisi tunaofuga mbwa tunajua: mbwa wa lango ambaye habweki hata mtu akipita na mbuzi mabegani, mwenye nyumba hatamlisha muda mrefu.

Mfano wa karibu ni Wirecard, kampuni kubwa ya Ujerumani ya kulipa kwa njia ya kompyuta. Kwa miaka mingi kampuni ya ukaguzi EY ilikuwa imeweka saini yake kwenye hesabu hizo. Juni 2020 ikajulikana kwamba euro bilioni 1.9 zilizosemekana ziko katika banki za Philippines hazikuwepo. Ni kweli kwamba safari hiyo ya mwisho EY yenyewe ilikataa kuweka saini. Lakini watu waliuliza swali la mtu yeyote wa sokoni: miaka yote ile, nani alithibitisha kwamba pesa iko? Mwaka wa 2023 mamlaka ya Ujerumani inayosimamia wakaguzi iliitoza EY faini ya euro 500,000 na kuizuia kwa miaka 2 kupokea kazi mpya za kukagua kampuni kubwa zinazohusu umma.

Kwa hiyo wenye taaluma wanaposema “wananchi hawaelewi kazi yetu”, ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba mara kadhaa kazi yenyewe haikufanywa namna kanuni zao zinavyotaka. Mtu anayeuliza kama pesa iliyoandikwa iko kweli katika banki hajaomba muujiza. Ameomba kazi ya kwanza ya mkaguzi.

Sheria imempa mdomo

Congo iliingia OHADA mwaka wa 2012, na tangu hapo kampuni zetu zinafuata sheria moja na nchi nyingine nyingi za Afrika. Kampuni ya hisa, ile tunayoita SA, lazima iwe na komisere wa hesabu. Kampuni ya SARL inalazimika ikiwa imepita mawili kati ya mambo matatu: mali ya zaidi ya milioni 125 za franga za CFA, mauzo ya mwaka ya zaidi ya milioni 250, au wafanyakazi wa kudumu zaidi ya 50. Kooperative zina sheria yao ya OHADA, na zile za akiba na mikopo zinasimamiwa pia na Banki Kuu ya Congo.

Yako mambo mawili katika sheria ya kampuni ambayo sijawahi kusikia yakielezwa katika mkutano wowote.

La kwanza linaitwa alerte, yaani kupiga kengele. Katika kazi yake komisere akiona mambo yanayoweza kusimamisha kampuni, kama vile madeni yasiyolipika au pesa ya kuendesha kazi inayokauka, analazimika kumwandikia mkubwa wa kampuni kuomba maelezo. Asipojibiwa, au jibu lisiporidhisha, anaandika ripoti ya pekee, na jambo linaweza kufika mbele ya mkutano mkuu. Hana haki ya kusubiri mwisho wa mwaka akijua nyumba inaungua.

La pili: akikuta matendo ya kosa la jinai, lazima ayajulishe parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Sheria inamkinga: hawezi kuadhibiwa kwa sababu ya kutoa habari hiyo. Mkaguzi akikwambia “mimi natoa maoni tu, mambo ya wizi hayanihusu”, mwambie asome tena sheria yake.

Hapo ndipo ninapoona kosa kubwa liko. Wananchi wanamdai mkaguzi ahadi ambazo hakutoa: kukamata kila mwizi, kuona kila karatasi, kuzuia kila anguko. Lakini hawamdai yale mawili ambayo sheria imemlazimisha kwa ajili yao. Na mkaguzi asiyedaiwa anazoea kuongea na meneja peke yake, kwa sababu meneja ndiye anayempa ofisi, chai na vitabu. Mwisho anasahau kwamba waliomchagua ni wale wanaokaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya ukumbi.

Picha ya tarehe moja

Kwa jamaa zilizohama, kuna jambo moja la kuongeza. Hesabu za mwaka ni kama picha iliyopigwa tarehe 31 Desemba. Sheria inaipa kampuni hadi miezi 6 kuitisha mkutano na kuionyesha. Inapobandikwa ukutani, mambo yaliyomo yanaweza kuwa yamezeeka.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia Goma, na katikati ya Februari vikafika Bukavu. Banki zilifunga milango. Watu wenye salio safi kabisa kwenye vitabu walikaa bila kuweza kutoa hata dola 10. Hakuna mkaguzi aliyedanganya pale: pesa iliyoandikwa ilikuwa imeandikwa sawa. Lakini “imeandikwa sawa” na “utaipata ukiihitaji” ni mambo mawili. Karatasi ya mkaguzi inasema juu ya lile la kwanza. Juu ya la pili inasema kidogo sana, na vita haviulizi karatasi.

Kwa hiyo aliyekimbia asitafute msaada kwenye ripoti ya zamani. Ashike ushahidi wake mwenyewe: kitabu cha akiba, bordereau za kuweka pesa, namba ya akaunti, ujumbe wa simu unaoonyesha salio. Piga picha vitu hivyo na umtumie ndugu unayemwamini, kwa sababu mkobani vinalowa na njiani vinapotea. Siku madirisha yatakapofunguliwa, au siku mfilisi atakapoita wenye madai, hivyo ndivyo vitakavyosema kwa ajili yako.

Maswali ya kuuliza mkutanoni

Tukiwa bado na mikutano mikuu, tusipige makofi kabla ya kuuliza. Haya hapa, na mtu yeyote anaweza kuyauliza kwa Kiswahili, hata kama ripoti ilisomwa kwa Kifaransa.

“Mheshimiwa komisere, umekubali hesabu bila rezerve, au una rezerve?” Neno hili ndilo la kutafuta kwenye karatasi. Anaweza kukubali moja kwa moja, kukubali akiwa na rezerve, kukataa, au kusema hakuweza kutoa maoni. Karatasi zote nne zina kashe. Anayetazama kashe peke yake hatajua ameshika ipi.

“Banki zilikujibu wewe mwenyewe juu ya salio letu, au ulipokea karatasi mikononi mwa meneja?” Swali hili lingewasaidia watu wa Wirecard.

“Mikopo iliyopita muda wake bila kulipwa ni kiasi gani, na wakubwa wa kooperative wenyewe wanadaiwa ngapi?” Mahali pengi shimo linaanzia hapo, wakubwa wanapojikopesha.

“Mwaka huu umewahi kumwandikia meneja barua ya alerte?”

“Una undugu au biashara na yeyote kati ya viongozi?” Sheria ya OHADA inamkataza mkaguzi kuwa jamaa wa karibu wa wale anaowakagua. Si matusi kumuuliza.

Akijibu vizuri, mshukuruni na makofi yapigwe. Akijibu kwa kuzungukazunguka, ombeni jibu liandikwe kwenye procès-verbal ya mkutano, pamoja na swali na jina la aliyeuliza. Na kama muda wake umekwisha, kumbukeni kwamba kumchagua au kumwacha ni kazi ya mkutano. Meneja hana haki ya kuwafanyia.